Maji ya mvua ya Goma

Ndugu zangu, wiki iliyopita mvua ilinyesha hapa kambini na mabishano yakaanza tena bombani: maji ya mvua yanafaa kunywa ama hayafai? Mama mmoja akasema ni maji ya Mungu, hayajaguswa na mtu. Sisi tuliotoka Goma tukanyamaza kidogo.

Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano. Mvua ikinyesha, maji yanapenya kwenye mawe na kupotea chini, na kuchimba kisima kwenye mawe yale si kazi ya jembe. Kwa hiyo tangu zamani watu wana njia mbili: kushuka Ziwa Kivu na bidoni, ama kukinga maji ya manjanja, yaani mabati ya nyumba.

Ziwa nalo lina kisa chake. Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda walivuka mpaka kwa mamia ya maelfu ndani ya siku chache. Ilikuwa kiangazi, mvua hakuna. Watu wakachota ziwani, palepale walipooga na kujisaidia. Kipindupindu kikaingia, kikafuatwa na kuhara damu. Mwezi wa kwanza peke yake walikufa watu kama 50,000, na hata kuchimba makaburi ilikuwa shida kwa sababu ya yale mawe. Mama yangu aliyaona. Tangu hapo aliamini mvua kuliko ziwa.

Kumbe juu yetu kuna Nyiragongo. Ililipuka 1977, tarehe 17 Januari 2002, tena 22 Mei 2021. Lava kila mtu anaikumbuka, moshi tunausahau, na moshi unatoka hata miaka ambayo hakuna mlipuko. Ndani yake mna gesi za salfa, klorini na floraidi. Mvua ikipita humo inazibeba, inashuka na uchachu. Upepo mara nyingi unausukuma moshi upande wa magharibi, kwenye vijiji kama Rusayo. Watafiti walipopima maji ya mvua ya upande huo walikuta floraidi imezidi miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho kipimo cha Shirika la Afya Duniani.

Mtoto akiyanywa miaka ile meno yake yanatengenezeka, yanatoka na madoa ya kahawia. Na hapa ndipo wengi tunakosea: kuchemsha kunaua vijidudu tu. Floraidi inabaki sufuriani. Klorini nayo haiiondoi.

Dada yangu alikulia upande huo. Shuleni walimcheka eti hapigi mswaki, na mpaka leo anacheka akifunika mdomo kwa mkono. Wahudumu wa afya mnaosoma hapa, tafadhali, muulizeni mtoto alikulia wapi kabla ya kumfundisha mswaki.

Hapa tulipo volkano haipo. Shida ya mvua ya hapa ni vinyesi vya ndege, vumbi la bati na bidoni chafu. Acha mvua ya kwanza ioshe bati, ndipo ukinge, kisha chemsha au tia klorini, ufunike. Hivyo ndivyo nilivyojibu bombani: hapa ndiyo, Rusayo hapana.

Mzee mmoja wa Masisi akaniuliza, "Sasa mtoto, siku tukirudi kwetu, tutakunywa nini?" Nikaangalia bidoni yangu, ilikuwa bado haijajaa.