Mbu wa Mbao: Ndege Iliyotunzwa Mikononi mwa Mafundi

Tarehe 21 Julai 1996, kwenye maonyesho ya ndege katika uwanja wa Barton, karibu na Manchester, Uingereza, ndege ya kivita ya injini mbili aina ya de Havilland Mosquito (yaani mbu) iliishiwa nguvu katika injini moja ikiwa angani. Ikapinduka, ikaanguka. Wote wawili waliokuwamo walifariki. Hiyo ndiyo iliyokuwa Mosquito ya mwisho duniani yenye uwezo wa kuruka. Kati ya 7,781 zilizoundwa, haikubaki hata moja hewani.

Haikubaki kubwa, yaani. Kwa miaka 16 iliyofuata, Mosquito zilizoendelea kupaa zilikuwa modeli za rimoti, zenye mabawa ya mita moja au mbili, zikirushwa na watu waliozijenga wenyewe jioni baada ya kazi. Watu hao walikata balsa, wakabandika plaiwudi, wakapiga msasa hadi vidole vikaota sugu. Aliyewaona angeweza kudhani ni watu wazima wanaochezea vidude. Ukiifahamu historia ya ndege yenyewe, utaona kwamba walikuwa wakitunza ufundi uliokuwa ukielekea kusahaulika.

Chanzo chake

Hadithi hii ina uzi unaopita Nairobi. Mwaka 1929 rubani Mwingereza Tom Campbell Black alishirikiana na Florence Kerr Wilson kuanzisha shirika la ndege la Wilson Airways mjini humo. Ni yeye pia aliyemfundisha urubani Beryl Markham, aliyekuja kuwa rubani mashuhuri. Oktoba 1934, akiwa na mwenzake C.W.A. Scott, Black alishinda mashindano makubwa ya kuruka kutoka Uingereza hadi Melbourne, Australia, kwa muda usiofika saa 71. Ndege yao, DH.88 Comet ya kampuni ya de Havilland, ilikuwa nyekundu, nyembamba, ya injini mbili, na ya mbao.

Kampuni hiyo iliondoka na somo: mbao ikiundwa vizuri na kulainishwa vizuri inaweza kushindana na chuma. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza, Geoffrey de Havilland, mwanzilishi wa kampuni, alipendekeza ndege ya kuangusha mabomu isiyo na bunduki hata moja, ambayo kinga yake ingekuwa mbio zake tu. Wakubwa wengi walitilia shaka wazo hilo. Sir Wilfrid Freeman, ofisa wa ngazi ya juu katika jeshi la anga, aliliunga mkono, na mwishoni mwa Desemba 1939 ruhusa ikatolewa.

Wahandisi, wakiongozwa na R.E. Bishop, walikuwa wameshahamia Salisbury Hall, jumba la kale huko Hertfordshire. Tangu ruhusa hiyo, miezi 11 haikutimia. Tarehe 25 Novemba 1940 ndege ya kwanza ilipaa kutoka Hatfield ikiwa imepakwa rangi ya manjano, na rubani alikuwa Geoffrey mdogo, mtoto wa mwanzilishi huyo. Katika majaribio ya mwaka uliofuata ilizidi kilomita 620 kwa saa, mwendo ambao ndege za kivita za Spitfire za wakati huo hazikuufikia.

Kazi ya seremala

Siri ilikuwa katika ngozi yake. Karatasi mbili nyembamba za plaiwudi ya mti wa bachi zilibandikwa huku na huku, katikati yake kukiwa na balsa kutoka Ekuado. Kwa Kihispania, balsa maana yake ni chelezo, kwa sababu mti huo huelea kwa wepesi. Ukiwa peke yake unakatika kwa kidole, lakini ukiubana kati ya plaiwudi mbili unapata ukuta mwepesi na mgumu.

Kiwiliwili kiliundwa kwa nusu mbili, kushoto na kulia, kila nusu ikikunjwa juu ya kalibu. Nyaya na mabomba yalifungwa nusu hizo zikiwa bado wazi, kisha zikaunganishwa kama maganda mawili ya karanga yanayorudishiwa. Alumini ilikuwa adimu wakati wa vita, lakini maseremala walikuwapo. Mafundi wa viti, makabati na piano wa High Wycombe na kwingineko waliacha samani wakaanza kuunda mabawa.

Gundi ndiyo iliyobeba roho za watu. Mwanzoni ilitumika kasein, gundi itokanayo na maziwa, kisha ikaja gundi ya viwandani isiyohofia unyevu. Mwishoni mwa 1944, baada ya ndege kadhaa kuvunjika angani huko India, Mosquito za upande huo zilizuiwa kuruka hadi viungo vyake vikaguliwe. Kila seremala analijua somo hilo: kiungo kibovu hakionekani siku ya kukibandika, huonekana siku ya kubeba mzigo.

Redio inashika usukani

Kabla ya vita, ufundi mwingine ulikuwa ukikua. Mwaka 1935 de Havilland walitoa Queen Bee, ndege ya mbao iliyoongozwa kwa redio ili wapiga mizinga wapate shabaha ya kufanyia mazoezi. Jina hilo lina maana ya malkia wa nyuki, na wengi huamini ndilo lililozaa neno droni, ambalo kwa Kiingereza ni nyuki dume. Huko Marekani, mapacha wawili, Walter na William Good, walirusha modeli yao kwa redio mwaka 1937 mjini Kalamazoo, Michigan. Ndege hiyo, waliyoiita Guff, ilihifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian.

Redio za mwanzo zilikuwa nzito na nyingi zilijua jambo moja tu: kugeuza usukani wa mkiani, kushoto au kulia. Kuongoza injini mbili kwa mitambo hiyo kulikuwa ndoto. Ilibidi kusubiri redio ziwe nyepesi, na usukani ufuate kidole cha rubani kidogokidogo badala ya kuruka kutoka upande hadi upande. Ndipo modeli ya Mosquito ikawezekana.

Kuijenga

Mosquito halisi ina mabawa ya mita 16.5. Ukiijenga kwa kipimo cha moja kwa nane unapata karibu mita mbili na sentimita sita, kiasi cha kuingia kwenye gari ukitenganisha mabawa. Kazi huanza na fremu za plaiwudi na mbavu za balsa, zikishikwa na boriti ya mbao ngumu zaidi. Juu yake hulazwa vipande vyembamba vya balsa kimoja kimoja, hadi mifupa inapotea na umbo linatokea.

Kipimo hupunguza mbao, hakipunguzi hewa. Ukigawa urefu kwa nane, eneo la bawa hugawanyika kwa 64, na ujazo kwa 512. Mjenzi hupima kila gramu, hasa nyuma: gramu moja ya ziada mkiani hudai kadhaa mbele ili ndege isawazike.

Kisha zinakuja injini mbili, na hapo ndipo mjenzi na rubani wa kale wanapokutana. Injini mbili za Merlin za Mosquito zilizungukia upande mmoja, hivyo wakati wa kupaa ndege ilivutwa kushoto. Rubani aliongeza moto wa injini ya kushoto mapema kidogo ili aende sawa. Injini moja ikizima mwendo ukiwa mdogo, ile inayofanya kazi huizungusha ndege na kuipindua. Wajenzi wa modeli walilijua hilo kwa machungu, enzi za injini ndogo zinazokunywa methanoli na mafuta ya mbarika, kwa sababu mbili hizo zilikuwa nadra kukubaliana. Mota za umeme zimeondoa sehemu kubwa ya hofu hiyo, na panga zake zinaweza kuzungushwa pande zinazopingana ili ule mvuto ufutike.

Kuimaliza

Modeli ya ndege ya chuma hupendeza kwa mistari ya mabati na maelfu ya ribiti. Mosquito haitaki hayo. Ngozi yake ya mbao ilifunikwa kitambaa chepesi cha pamba, ikapakwa dawa ya kukikaza, ikalainishwa, ndipo ikapigwa rangi. Kwa hiyo mjenzi hutandaza kitambaa chembamba cha fibaglasi, hupaka utomvu, hupiga msasa, hujaza vishimo, hupiga msasa tena. Jicho likipata mahali pa kukwama, kazi haijaisha.

Rangi nayo ina swali lake. Kijani na kijivu vya juu ni vya kitabu, lakini herufi za ubavuni ni za ndege fulani, kikosi fulani, siku fulani. Anayechagua ndege iliyoruka Copenhagen tarehe 21 Machi 1945 anachagua siku ambayo Mosquito zilishambulia makao ya Gestapo, polisi wa siri wa Kinazi. Moja iligonga nguzo ikaanguka karibu na shule, na baadhi ya zilizofuata zikadhani moshi ule ndio shabaha. Watoto 86 walikufa. Urembo wa ndege hii haufuti jambo hilo, na mjenzi mwenye heshima hulijua kabla hajachovya brashi.

Kurudi angani

Tarehe 27 Septemba 2012, huko Ardmore, karibu na Auckland, New Zealand, Mosquito namba KA114 ilipaa, na kimya cha miaka 16 kikavunjika. Mbao zake za mwaka 1945 zilikuwa zimeoza. Ili irudi, fundi Glyn Powell alitumia miaka mingi kutengeneza upya kalibu za kukunjia ngozi, kisha kiwiliwili na mabawa vikaundwa kwa mbao mpya, kwa njia ileile ya maseremala wa vita.

Chuma cha zamani kilisafishwa na kurudishwa, lakini mbao hazikuwa na cha kurudishwa. Kilichookoa ndege ile ni kwamba palikuwa bado na watu wanaojua kukunja plaiwudi, kuchanganya gundi na kupima kwa kiganja uso uliolainika. Maarifa hayo hayakai kwenye kabati la makumbusho. Hukaa mkononi, na mkono usioyatumia huyasahau. Anayepiga msasa modeli yake usiku wa leo anayatumia.