Fimbo ya Boma na Baraza ya Wazee

Katika nchi ya Ugogo, hapo kale, ng'ombe wa mtu walipokula mtama wa jirani, au vijana walipopigana machungani, wazee walikaa pamoja wakasikiliza pande zote mbili. Hawakuuliza tu ni nani mwenye kosa. Waliuliza hasara ni kiasi gani, nayo italipwaje. Mkosaji akatoa fidia ya mifugo, na wale wawili wakaendelea kukaa ujirani. Ilikuwa lazima, kwa maana nchi ile ni kavu, njaa yaja mara kwa mara, na asiye na jirani wa kumwazima nafaka yu hatarini. Hatusemi kwamba watoto hawakuchapwa. Walichapwa, wala mtoto hakuwa na neno barazani. Lakini desturi ya kulipa kilichoharibika na kuwapatanisha watu ilijulikana na wote.

Basi twauliza, mbona desturi hiyo haikuingia shuleni?

Jibu la kwanza li katika boma. Mwaka 1889 Wissmann alijenga ngome Mpwapwa, na mwaka 1910 reli ilifika Dodoma. Pamoja na serikali ya Wadachi kilikuja kiboko. Amri ya mwaka 1896 ilikataza kupita mapigo 25 kwa mara moja, ndiyo ile hamsa ishirini ambayo wazee waliisimulia kwa uchungu. Waingereza walipoitwaa nchi, fimbo haikuondoka. Ilikaa katika korti, na ilikaa katika shule za serikali na za misheni, kama ilivyokuwa katika shule za kwao Ulaya. Hivyo mwalimu alipokea fimbo pamoja na chaki.

Jibu la pili latuhusu sisi walimu. Chuo cha Mpwapwa kilianza kufundisha walimu mwaka 1926, na tangu hapo vyuo vimeongezeka. Kufundisha hesabu kuna somo lake na mazoezi yake. Lakini kumwonya mtoto, walimu wengi tumejifunza kwa kukumbuka tulivyoonywa sisi. Kisha mambo yakaja kwa haraka. Mwaka 1971 Operesheni Dodoma iliwahamishia watu vijijini, mwaka 1974 Azimio la Musoma lilitaka watoto wote wasome, na maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifanywa walimu, wakijifunza kazi huku wakiifanya, kwa posta na kwa redio. Kijana wa namna hiyo, mwenye darasa lililojaa hata mlangoni, angepata wapi nafasi ya kusikiliza shauri la kalamu iliyoibwa? Hatumlaumu. Fimbo yamaliza neno kwa dakika moja, au yaonekana kulimaliza.

Serikali iliweka mipaka. Kanuni za mwaka 2002 zilipunguza mapigo kutoka sita hadi manne, zikamruhusu mkuu wa shule peke yake, au mwalimu aliyepewa idhini yake kwa maandishi, tena adhabu iandikwe kitabuni. Hata hivyo mwaka 2016 nchi nzima iliona picha za walimu wa mazoezi wakimpiga mwanafunzi wa sekondari mjini Mbeya kwa mateke na makofi. Walikuwa wangali wanafunzi wa ualimu. Mwaka 2018 mtoto wa shule ya msingi mjini Bukoba alikufa baada ya kupigwa na mwalimu.

Njia ya upatanisho, ambayo watu wa New Zealand waliiweka katika sheria ya watoto mwaka 1989 kwa kufuata desturi za Wamaori, yafanana sana na baraza ile ya Ugogo. Tofauti ni kwamba mtoto apewa neno. Aliyeumizwa asema kwanza, mkosaji aeleza, kisha wote watafuta jinsi ya kutengeneza: daftari lililochanwa lanakiliwa upya na aliyelichana, na juma lijalo mwalimu atazama kama limekwisha. Yaonekana rahisi, sivyo? Lakini mwalimu amlazimishaye mtoto kutamka samahani mbele ya darasa hajapatanisha mtu. Ameshika fimbo nyingine. Tena yako maovu yasiyo ya baraza kabisa. Mtoto aliyenajisiwa shauri lake ni la polisi, na mara nyingi wazee wameyafunika mambo hayo kwa mbuzi wawili. Kujua tofauti hiyo hakuji kwa kurithi, kwataka kufundishwa.

Nako kufundishwa kwawezekana. Katika wilaya ya Luwero, Uganda, shule 42 ziliingizwa katika jaribio kati ya mwaka 2012 na 2014, na zile zilizofundishwa malezi bila mapigo zilipunguza sana kupiga watoto. Hapa Tanzania jaribio kama hilo lilifanywa katika shule 8 za sekondari, na habari zake zikachapishwa mwaka 2018: walimu waliopata mafunzo walipunguza mapigo, na wanafunzi wenyewe wakashuhudia. Mafunzo yale yalichukua siku tano na nusu.