Mkono Uliachiliwa, Sikio Likafungwa

Ukiingia duka la vifaa vya kompyuta hapa Kisumu na kuuliza hedseti ipi inafaa ofisi ya huduma kwa wateja, utatajiwa bei kwanza, kisha jina la kampuni. Sikio huja mwisho, kama likija. Mimi naanza na sikio, kwa sababu historia ya kifaa hiki ni historia ya sikio la mfanyakazi, na sisi wa ufuo wa Nam Lolwe tumo ndani yake.

Reli ilipofika hapa Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence, waya za telegrafu zilikuja nayo. Tangu wakati huo mji umekuwa na mtu anayelipwa kusikiliza. Karani wa telegrafu alisikiliza milio ya chuma akaigeuza kuwa maneno. Simu ilipokuja, kazi ikamwangukia opereta: mtu aliyeketi mbele ya ubao wa matundu, akiuliza unamtaka nani, kisha akichomeka waya kukuunganisha.

Kazi hiyo inataka mikono miwili, na hapo ndipo hedseti ilipozaliwa. Huko Marekani, miaka ya 1880, Ezra Gilliland aliunda chombo cha kubebwa begani chenye uzito wa kilo kadhaa. Waliokibeba walikuwa wanawake, maana ubao wa simu ulianza kuwa kazi yao Emma Nutt alipoajiriwa Boston mwaka 1878. Kufikia 1910, Nathaniel Baldwin wa Utah alikuwa akiunda vipokea sauti vya kichwani jikoni kwake na kuliuzia jeshi la majini. Mwaka 1962 kampuni ya Plantronics, iliyoanzishwa na marubani wawili, ikatoa hedseti nyepesi. Mwaka 1969 Neil Armstrong alizungumza kutoka mwezini kwa kifaa chao.

Kila hatua ilipunguza uzito. Saa za kusikiliza zilibaki palepale.

Kwetu opereta alidumu sana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Kenya iliunda shirika lake la posta na simu, na katika miji mingi midogo kupiga simu ya mbali kuliendelea kuwa kumwomba opereta na kungoja. Shirika hilo liligawanywa mwaka 1999. Mwaka uliofuata Safaricom na Kencell zikaanza kushindania wateja wa simu za mkononi, na ubao wa matundu ukasahaulika. Lakini yule msikilizaji hakuondoka, alibadilishiwa jina tu. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, mtu aliyetuma pesa kwa namba isiyo yake alihitaji sikio la kumsikiliza, tena haraka. Nyaya za intaneti za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009, hata wateja wa ng'ambo wangeweza kuhudumiwa kutoka huku bila sauti kuchelewa kwa kupitia setilaiti.

Mwaka jana nilipewa kazi ya kuchagua hedseti za wahudumu saba katika ofisi moja mjini. Wanaowapigia wako Kibuye sokoni, wako Dunga kando ya injini ya boti, wako Mbita upepo ukivuma. Wanataja namba. Kwa Kiswahili, sita na tisa hupishana konsonanti tu. Kwa Dholuo, tano ni abich, saba ni abiriyo, nane ni aboro: mwanzo wa neno ukisikika na mwisho ukamezwa na kelele, pesa ya mtu imepotea. Mchana mvua inapiga mabati. Mhudumu anafanya nini? Anaongeza sauti.

Mmoja wao aliniambia, "Jaduong', hata nikivua hii kitu jioni, sikio bado inalia. Mtoto akiniita lazima aje mpaka mbele yangu."

Kenya ina kanuni za kelele kazini, za mwaka 2005. Zinaweka kikomo cha wastani wa desibeli 90 kwa saa nane. Katika Umoja wa Ulaya, ikifika 85 mwajiri tayari ana wajibu wa kuchukua hatua. Tofauti ya tano inaonekana ndogo, lakini kila desibeli tatu zikiongezeka, nguvu ya sauti inakuwa maradufu. Isitoshe, mkaguzi akija na kipimo chake akakiweka mezani, atapima chumba. Kelele iliyohamia ndani ya hedseti hataisikia.

Basi nilichagua hivi. Kwanza dari: bodi chini ya mabati, mapazia mazito madirishani, na mlango wa barabarani ufungwe. Chumba kikitulia, hakuna sababu ya kuongeza sauti. Pili, hedseti ya masikio mawili, kwa sababu anayesikia kwa sikio moja huongeza sauti ili kushinda ofisi. Tatu, kifaa chenye kizuizi cha milio ya ghafla. Nne, kila mtu na sponji zake, kwa joto hili la Kisumu, na akiba ya kubadilisha. Maiki inayochuja kelele nayo ni nzuri, ila wauzaji huisifu kana kwamba inamlinda mhudumu. Inamsaidia mteja asikie vizuri. Mvaaji haikingi chochote.

Mhasibu aliuliza kwa nini fundi wa dari yumo kwenye bajeti ya hedseti. Nikamwambia dari ndiyo hedseti ya kwanza. Alicheka, lakini alitia sahihi.

Kwa zaidi ya miaka mia moja, kila aliyeboresha kifaa hiki alimuuliza mfanyakazi: mikono yako iko huru? Ukitumwa kununua, muulize la pili: jioni, ukifika nyumbani, unamsikia mtoto akikuita?