Herufi za Matumbawe za Dimbani

Wageni wengi wanaofika Kizimkazi, kusini mwa Unguja, hufuata pomboo. Boti zikisharudi pwani, na wao wanaondoka, bila hata kuuliza ule msikiti wa Dimbani wenye paa la bati una nini ndani. Inaniuma. Kwenye kibla yake kuna maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa Kufi yaliyochongwa Dhulqaada ya mwaka 500 Hijria, ndiyo Julai 1107, kwa amri ya Sheikh Abu Imran Musa bin al-Hasan bin Muhammad.

Habari za Washirazi na majahazi yao zimesimuliwa sana, sizirudii. Ninachotaka kitazamwe ni herufi zenyewe. Alifu na lamu zinapanda wima, nyembamba, kisha vichwa vyake vinachanua majani. Fundi alipima urefu wa kila mguu wa herufi na upana wa kila pengo, hata ukuta mzima ukapata mwendo mmoja. Asiyejua kusoma Kiarabu naye anauona mwendo huo.

Mwaka 1922 mtafiti Samuel Flury alizichambua herufi hizi, na baadaye zikalinganishwa na za Siraf, Ghuba ya Uajemi. Kufanana kupo. Waliomfuata ndio waliovuka mpaka, wakaifanya kazi yote kuwa ya mgeni, kana kwamba pwani hii ilitoa ukuta tu. Mimi sikubali. Jiwe lile ni tumbawe la baharini. Hukatwa likiwa hai chini ya maji, likichongwa bichi linakubali patasi, likishakauka linakuwa gumu. Kazi hiyo inataka mtu anayeujua mwamba, anayejua lini aharakishe na wapi jiwe litavunjika. Tena vipande vya maandishi ya namna hiyohiyo vimepatikana kisiwani Tumbatu, upande wa pili wa Unguja. Mwanaakiolojia Mark Horton aliona humo kazi ya mafundi wa huku huku. Mtindo unaweza kusafiri na jahazi, lakini ustadi wa kuchonga tumbawe bichi hujengwa kwa miaka mingi palipo na mwamba.

Karne ya 18 msikiti ulijengwa upya, na maandishi mengine yanataja mwaka 1184 Hijria. Baadaye yakaja bati, barabara, hoteli. Msikiti bado unasaliwa. Wanafunzi wetu wa sanaa wanafundishwa maandishi ya kuta za Cairo na Isfahan. Waanzie Dimbani, kwa ruhusa ya wenye msikiti, wakiwa na karatasi na penseli.