Jemadari Mbele ya Bendera

Aingiaye senema kuitazama filamu ya Patton hupokewa na bendera ya Marekani iliyojaza kiwambo kizima, na mbele yake, mdogo kama mwanasesere, hutokea jemadari mwenye nishani tele kifuani na bastola ya mpini wa pembe kiunoni, akapiga saluti, kisha kwa muda wa dakika sita hivi akawahutubia askari tusiowaona, kwa matusi ya kambini na ahadi za ushindi, hata mtazamaji akajihisi kwamba ndiye aliyesimamishwa mstarini. Ni majigambo hasa, na ayasemaye ayaamini.

Filamu hiyo, juu ya jemadari wa Marekani katika Vita Kuu vya Pili vya Dunia, iliyoongozwa na Franklin J. Schaffner na kuandikwa na Francis Ford Coppola pamoja na Edmund H. North, ilitoka mwaka 1970, vita vya Vietnam vilipokuwa vimewatenga Wamarekani mafungu mawili. Na ajabu ni kwamba mafungu yote mawili yaliipenda, hawa wakimwona shujaa aliyepunjwa heshima yake, wale wakiona takaburi ya mtu aonaye ladha katika kumwaga damu. Rais Nixon aliirudia zaidi ya mara moja katika siku zilizotangulia kupeleka majeshi yake Cambodia.

Walakini siri ya kudumu kwa filamu hii, nionavyo mimi, haimo katika vifaru. (Vifaru vyenyewe vilikuwa vya jeshi la Hispania, na miongoni mwavyo vimo vya aina iliyopewa jina la Patton baada ya kufa kwake, vikapakwa alama za Kijerumani ili vishindwe naye!) Imo katika hema la wagonjwa huko Sicily. Jemadari apiga goti kando ya majeruhi aliyefungwa bandeji usoni, amnong'oneza sikioni na kumwekea nishani juu ya mto wake. Hatua chache mbele akuta askari asiye na jeraha, analia kwa kuwa moyo wake umeshindwa, na mkono ule ule uliotoka kuweka nishani wamchapa kofi. Kwa hakika matukio yalikuwa mawili, mwezi Agosti 1943, kwa askari wawili wa hospitali mbili mbalimbali. Filamu imeyakusanya pamoja, nayo haikumtetea wala haikumlaani.

Patton halisi alikuwa na sauti nyembamba ya juu, ilhali George C. Scott alimpa ya mkwaruzo itokayo tumboni, na leo akitajwa jemadari huyo, isikikayo ni ya mwigizaji. Filamu ilipata Oscar 7, mojawapo ikiwa ya Scott mwenyewe, naye akaikataa.

Patton aliamini kwamba roho yake imekwisha kupigana vita vya kale, na kila wazo hilo limjiapo, tarumbeta za mtunzi Jerry Goldsmith hulia kwa mbali, mwangwi ukififia. Ndiyo maana mwisho wa filamu hatuonyeshwi ajali ya motokaa ya Desemba 1945 iliyomwua huko Ujerumani, wala kaburi lake la Luxembourg mbele ya askari wake. Vita vimekwisha, cheo kimemtoka. Twamwona kwa mbali akienda zake na mbwa wake uwandani, penye kinu cha upepo, na sauti yake yasimulia jinsi washindi wa Roma walivyopokewa mjini.