Franco Luambo: sifa ilimulisha, sifa ikamufuata mpaka kitandani

Wakaaji wengi wa mashariki wanamujua Franco kwa sauti tu. "Mario" inapigwa kwenye harusi ao mu bar, wazee wanasimama, vijana nao wanafuata. Wanajua pia kama alikuwa mukubwa wa TPOK Jazz, orkesta iliyochezesha inchi hii zaidi ya miaka 30. Kile ambacho hakizungumzwi sana ni namna gani yeye mwenyewe aliishi na ukubwa ule. Franco alipenda watu wamuangalie, na alitajirika juu ya hiyo. Lakini macho yale yale yalimuchosha, na midomo iliyoimba nyimbo zake ndiyo iliyomuzulia mambo mabaya siku za kilio na siku za ugonjwa.

Alizaliwa tarehe 6 mwezi wa saba 1938 kule Sona-Bata, Bas-Congo, jina lake la kizazi Luambo Makiadi. Baba yake alikuwa mutumishi wa reli, akafa mapema. Mama yake aliuzisha mikate (siyo mkate wa boulangerie, ni yale mandazi ya mafuta) kwenye soko mu Kinshasa, wakati ule Léopoldville. Mutoto alijitengenezea gitaa, akawa anapiga karibu na meza ya mama yake. Watu wanasimama kusikiliza, kisha wanauza mikate. Basi tangu utoto alijua kitu kimoja: ukivuta macho ya watu, nyumbani mutakula.

Paul Ebengo, aliyeitwa Dewayon, ndiye alimufundisha zaidi gitaa. Katika studio ya Loningisa, Henri Bowane akamupa jina Franco. Mwezi wa sita 1956, pamoja na wenzake, wakaanzisha OK Jazz, jina lililotoka kwa O.K. Bar ya Oscar Kashama. Hakukuwa hata na miaka 18. Haikukawia, wakamuita "sorcier", muchawi wa gitaa. Ilikuwa sifa. Neno lile litarudi mbele, na halitakuwa tena sifa.

Ili kuelewa shida yake, lazima kuelewa namna alivyokuwa anaimba. Kinshasa wana kitu wanaita mbwakela: unamupiga mutu kwa fumbo, bila kumutaja jina, na kila mutu mu kartiye anajua ni nani. Franco alikuwa fundi wa hiyo. Aliokota maneno ya barabarani, mambo ya wake wenza, ya wanaume wenyi madeni, ya rafiki aliyegeuka, akayatia gitaa, yakarudi barabarani na nguvu mara kumi. Wacongomani wanaitaka radio trottoir, ile redio isiyo na antena. Franco alikuwa muandishi wake mukubwa. Hata ugomvi wa kazi ulipita mu diski: muimbaji Kwamy alipotoka OK Jazz akamushambulia na "Faux millionnaire", Franco akajibu na "Chicotte", maana yake fimbo. Watu wakanunua zote mbili.

Sasa mutu mwenyi kuishi kwa kuchungulia nyumba za wengine, atafunga yake namna gani?

Mwaka wa 1966 alionja hatari yake. Tarehe 2 mwezi wa sita, serkali ya Mobutu ilinyonga mbele ya umati Kinshasa Évariste Kimba, aliyekuwa waziri mukuu, na wenzake watatu, "Wahanga wa Pentekoste". Kisha ukasikika wimbo wa Franco "Luvumbu Ndoki", kwa Kikongo, juu ya muchawi mwenyi kumaliza watu. Watu hawakuhitaji kuelezwa. Diski ikaondolewa sokoni, na Franco akavuka mto kukaa Brazzaville kwa muda. Umati uliompenda juu ya mafumbo ndio ulioyafungua mafumbo hayo kwa sauti kubwa, na mwenyi kulipa alikuwa yeye.

Lakini pigo kubwa lilitoka nyumbani. Ndugu yake mudogo, Bavon Marie-Marie, alikuwa mpiga gitaa wa Négro Succès, kijana mwenyi kuvaa vizuri, aliyependwa sana na vijana wenzake. Mwezi wa nane 1970 alikufa kwa ajali ya gari mu Kinshasa, akiwa na miaka 26. Kilio hakijaisha, radio trottoir ikasema ni Franco amemutoa sadaka ili muziki wake uendelee kupanda. Fikiria: mutu anazika ndugu yake, na wale wanaokuja kumupa mukono wengine wanaangalia mukono ule na woga. Muchawi wa gitaa akawa muchawi tu.

Kwetu mashariki hadisi za namna hii zinajulikana vizuri. Mufanyabiashara akijenga nyumba ya etaji haraka, jirani wanahesabu watoto wake waliokufa. Mali isiyoeleweka inatafutiwa damu, na mutoto wa muuza mikate aliyekuja kuwa na magari alikuwa fumbo lililokuwa tayari. Franco alijitenga na jukwaa kwa muda. Aliporudi aliimba "Kinsiona", huzuni kwa Kikongo, kumulilia Bavon. Mbwakela haimo mule. Hamujibu mutu, analia tu, na pengine ndiyo fasi ambapo anasikika bila kificho kabisa.

Haiwezekani kusema kama alikuwa mutu wa kuonewa tu. Aliuzisha jina lake alipotaka: "Azda" ya 1973, wimbo muzuri sana, ni tangazo la duka la Volkswagen. "Candidat na biso Mobutu" ya 1984 ni kampeni ya rais. Alifungua bar yake mwenyewe, Un-Deux-Trois, na alijua kukaa karibu na wakubwa. Wakati ilipomufaa alitaka jina lake lisikike kila fasi. Ndiyo maana wengine hawakumuhurumia mwaka wa 1978, kaseti za nyimbo "Hélène" na "Jacky" zilipozunguka na matusi ya wazi kabisa. Kengo wa Dondo, procureur mukuu wa inchi, akamufikisha mbele ya sheria. Alihukumiwa miezi sita ya boloko, akanyanganywa medali yake ya taifa. Alitoka mbele ya miezi kuisha, na medali ikarudishwa baadaye. Mwaka wa 1981 akatoa "Tailleur", fundi wa nguo aliyenyanganywa sindano. Wasikilizaji wakasema ni Kengo, aliyekuwa ameondoka kwenye kiti kile. Franco hakutaja jina. Boloko haikumuponya tabia.

"Mario" ilikuja 1985: kijana mwenyi diplome anayekula makuta ya mama mutu muzima na kumupiga juu yake. Wimbo ulivuka mipaka mpaka Tanzania, ambako mwanaume wa kulishwa na mwanamuke anaitwa marioo. Sifa haikuwa imefika juu namna ile mbele yake.

Miaka miwili nyuma ya ile, mwili wake ulianza kukonda. Alikuwa mutu munene, umbo lake ni sehemu ya jina lake, kwa hiyo hakuweza kuficha. Mwaka wa 1987 alitoa "Attention na Sida", wimbo murefu ambamo anaongea kuliko kuimba, kwa Kifaransa na Lingala, akielekea kwa wazazi, waalimu, waganga, serkali na watu wa dini. Wakati ule kutaja ugonjwa huo mbele ya watu kulihitaji moyo. Radio trottoir ikasikia kitu kingine: kama anauongelea vile, basi anao. Franco hakukubali hata siku moja mbele ya watu kama ana sida. Zaidi ya mara moja ilisemwa amekufa, na yeye yuko Ulaya anatafuta dawa. Neno lake la kuonya likageuzwa kuwa ushahidi juu yake.

Mwezi wa tisa 1989 alipanda jukwaani Amsterdam, dhaifu, kwa dakika chache tu. Hakuwa tena na nguvu ya kazi, lakini watu walikuwa wamelipa kumuona, na yeye akatoka kuonekana. Tarehe 12 mwezi wa kumi alikufa mu hospitali karibu na Namur, Ubelgiji, na miaka 51. Maiti ikarudishwa Kinshasa. Serkali iliyowahi kumufunga ikatangaza siku ine za kilio cha taifa, redio ya inchi ikapiga nyimbo zake kutwa, na watu wakajaa barabarani kumuangalia anapita.