1278 Kenya: jiwe la angani lenye jina la nchi

1278 Kenya ni asteroidi ya mawe inayozunguka Jua katika ukanda mkuu, kati ya Mirihi na Mshtarii. Iligunduliwa na Cyril Jackson akiwa Johannesburg, tarehe 15 Juni 1933, ikapewa jina la nchi. Upana wake ni takriban kilomita 20, karibu mara mbili ya safari ya kutoka Kanombe hadi katikati ya Kigali. Hulizunguka Jua kwa takriban miaka 3 na miezi 9. Kujizungusha yenyewe ni kwa uvivu mno: mzunguko mmoja huchukua saa 188 hivi, karibu siku 8.

Je, inaweza kutuangukia? Hapana. Hata inapolikaribia Jua zaidi, hubaki ng'ambo ya njia ya Mirihi.

Yanayotufikia ni mawe madogo. Tarehe 14 Agosti 1992 yalinyesha Mbale, Uganda. Kipande cha gramu 3.6 kilipunguzwa kasi na majani ya mgomba, kikampiga mvulana kichwani bila kumuumiza. Baadhi ya wakazi waliyasaga wakayatumia kama dawa ya UKIMWI. Ni mawe tu, hayatibu. Anayemeza ARV asiziache.